Fenesi la Siku ya Kura

Hapo zamani za kale, zamani ya kwelikweli wala si hii ya juzi, wanyama walikuwa na nchi yao, na nchi hiyo ilikuwa na majiko, vikao na maneno mengi kuliko haya yetu. Humo aliishi Pimbi. Asiyemjua Pimbi, ni yule mnyama mdogo wa majabalini anayefanana na panya aliyeshiba, ila hana mkia. Ukimwambia anafanana na panya ananuna, kwa sababu ukoo wake ni wa Tembo. Ndiyo, Tembo. Mnacheka? Hata wanyama wenzake walicheka, lakini waliosoma mambo ya wanyama watawaambia hivyohivyo.

Bibi yake Pimbi alikuwa tembo mkongwe, jina lake Bibi Siwatu. Magoti yalimvimba, mgongo ulimuuma, na meno ya kutafunia yalikuwa yamekwisha yote. Kila asubuhi Pimbi alimtafunia majani, tafu tafu tafu, mpaka mashavu yanakufa ganzi. Kwa mdomo ule mdogo, kifungua kinywa cha Bibi kilikuwa tayari jioni.

"Mume wangu," Bibi alimwambia siku moja, maana bibi na mjukuu hutaniana hivyo, "leo umeniletea posho ya sisimizi."

"Nimechoka mashavu, Bibi."

"Na mimi," akasema Bibi, "nimechoka... kila kitu."

Alikuwa akisema polepole sana. Kati ya neno na neno ungeweza kwenda kisimani ukarudi. Pimbi alimpenda bibi huyu kupita kiasi, na neno lile lilimchoma. Alitaka kumuuliza, "Umechoka vipi, Bibi?" Lakini aliogopa jibu, basi akajitia hasikii, akaendelea kutafuna.

Mwaka huohuo ikatangazwa kura ya nchi nzima. Msimamizi wa kura alikuwa Twiga, kwa sababu hakuna wa kumchungulia kwa juu. Akasoma swali: "Mgonjwa asiyepona, aliyechoshwa na maumivu, akiomba dawa ya kulala asiamke, apewe au asipewe?" Anayesema ndiyo atatia kokoto nyeupe chunguni, anayesema hapana atatia nyeusi. Zamani walipiga kura kwa punje za mahindi, lakini Ngiri alikula chungu kizima pamoja na matokeo.

Ni swali zito, wanangu. Wako waliolijibu kwa moyo safi, upande huu na upande ule, na hao sina neno nao. Neno langu ni kwa wakubwa wawili waliopiga kelele kuliko wote.

Wa kwanza alikuwa Fisi. Yeye alisimamia ndiyo. Alipanda jukwaani na kitambaa cheupe mkononi, sauti inamtetemeka. "Ndugu zangu, mimi nina huruma. Siwezi kumwona kiumbe akiteseka." Na huku mate yanamdondoka, do, do, do.

"Mbona unadondosha mate?" akauliza Kasa aliyekaa mbele.

"Hayo ni machozi," Fisi akajibu. "Yamepotea njia."

Wa pili alikuwa Kiboko, mganga mkuu wa nchi. Yeye alisimamia hapana. "Uhai ni uhai," alinguruma. "Mgonjwa anywe dawa yangu ya mwarobaini mpaka apone."

"Na asipopona?"

"Anywe tena."

Msidhani ni uchungu wa mgonjwa uliomsumbua. Kila anayetibiwa alimletea Kiboko mkungu wa ndizi wa kupozea ukali wa dawa, na ndizi hizo Kiboko alizila mwenyewe, kwa niaba ya mgonjwa. Kwa ugonjwa wa Bibi Siwatu peke yake alikuwa amenenepa hata ikabidi mlango wa nyumba yake upanuliwe.

Kabla ya siku ya kura, Fisi alimwendea Twiga kwa unyenyekevu mwingi. "Mheshimiwa, kuna kijambo kidogo. Mgonjwa asipoweza kusema je? Tuongeze hapo kwamba jirani yake wa karibu amsemee."

Twiga, aliyekuwa anatafuna mgunga, akaona ni jambo la kistaarabu. Akaongeza, akawatangazia wote kwamba wazo ni la Fisi.

Jioni ile Fisi alihama. Alibeba mkeka, sufuria na mto wake, akajenga kibanda ubavuni kwa nyumba ya Bibi Siwatu, karibu kiasi kwamba akikoroma Bibi anageuka. Pimbi aliporudi na majani alimkuta Fisi na kamba, anampima Bibi mguu.

"Unapima nini, Bwana Fisi?"

"Nataka kumshonea blanketi, jirani mwema mimi."

"Blanketi la paja tu?"

Fisi akakohoa. "Naanza na pale penye nyama. Yaani penye baridi."

Pimbi akamgeukia bibi yake. "Bibi, unasemaje?"

Bibi akafungua kinywa. "Mimi..."

"Mmeona?" akadakia Fisi. "Hawezi kusema."

"Mimi na..."

"Maskini, ulimi umekwisha. Lakini asijali, jirani nipo." Na yale machozi yaliyopotea njia yakamdondoka tena.

Pimbi akayaweka majani chini. Alielewa kwamba kura ikipita vile, kesho yake Fisi atasema chochote anachotaka, na bibi yake atageuzwa mchuzi kabla hajamaliza sentensi. Na kura isipopita, Kiboko atamjaza mwarobaini mpaka ndizi ziishe nchini. Akaenda kukaa juu ya jabali, akajikuna, akafikiri. Kisha akacheka peke yake.

Sasa, mjue kwamba ukoo wa Pimbi na ukoo wa Fisi walikuwa watani. Mtani anakutania upendavyo na usivyopenda, na huruhusiwi kukasirika. Ukinuna, unatoa mbuzi. Na mtani akikuletea zawadi, hukatai.

Asubuhi ya siku ya kura Pimbi alifika kwa Fisi akiviringisha fenesi kubwa kuliko yeye, limeiva, linanukia hata nzi wamelewa.

"Mtani wangu, leo una hotuba ya mwisho. Nimekuletea nyama ya mti."

Fisi hakuwahi kula fenesi maishani. Kwao ni mifupa tangu babu na babu. Akalinusa, macho yakamtoka. "Kumbe miti nayo ina nyama, na hamniambii?"

"Ngoja kwanza," akasema Pimbi, akatoa kibuyu kidogo cha mafuta. "Fenesi lina utomvu. Lazima upake mafuta mikono na midomo ndipo..."

"Mafuta ya nini? Unataka nichelewe?"

"Mtani, nakuonya."

"Umekwisha nionya. Sogea."

Haam! Fisi akalibugia. Sisi tunakula kokwa zake na nyama yake ya njano, lakini Fisi alikula nyama, kokwa, moyo, ganda na kikonyo, na utomvu wote mweupe ukamtapakaa midomoni. Akajipangusa kwa kitambaa cha huruma, akaenda zake uwanjani na tumbo limetangulia.

Uwanja ulikuwa umefurika. Vyungu vimepangwa, Twiga amesimama katikati. Fisi akapanda jukwaani, akainua mkono, akataka kusema "Ndugu zangu". Midomo ikagoma.

"Mmmh," akasema Fisi.

"Anasemaje?" akauliza Kasa.

"Mmmh! Mm-mmmh!" Akavuta mdomo wa juu kwa mkono mmoja na wa chini kwa mkono mwingine. Wapi. Utomvu umekauka, na fenesi tumboni limeanza kuvimba. Tumbo likamzidi uzito, akaanguka chini puu!

Pimbi akaruka jukwaani mikono kichwani. "Jamani, mtani wangu! Mtani wangu ni mgonjwa, na hawezi kusema!"

Wanyama wakaguna kwa masikitiko. Twiga akainamisha shingo mpaka chini, ikachukua muda. "Sasa tufanyeje?"

"Mheshimiwa, sheria aliitunga mwenyewe. Tumheshimu tuanze naye. Asiyeweza kusema husemewa na jirani yake wa karibu. Fisi amehamia ubavuni kwetu, kwa hiyo jirani ni mimi."

"Basi msemee."

"Anasema amechoka," akalia Pimbi. "Anasema maisha haya basi, ileteni dawa."

"Mm-mm! Mm-mm!" Fisi akatikisa kichwa karibu kiruke.

"Mnaona anavyotikisa kichwa kwa uchungu? Jamani, tusimcheleweshe."

Tai watatu wakatua, wakajipanga mstari, mabawa yamekunjwa vizuri. Walikuwa marafiki wakubwa wa Fisi.

"Ninyi mnatafuta nini?" akauliza Twiga.

"Fisi alituambia tuje, kutakuwa na shughuli," akajibu mkubwa wao. "Ya nani, sisi hatuchagui."

Pimbi, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, akaanza kuchimba kaburi, chap chap, huku akimwigiza marehemu mtarajiwa: anachechemea, anadondosha mate, anasema, "Haya ni machozi." Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Fisi akajiburura mpaka kwa Kiboko, akamkumbatia miguu.

"Msiogope!" akanguruma Kiboko. "Uhai ni uhai. Hafi mtu hapa. Leteni pipa la mwarobaini. Kinywa kimefungwa? Tutapitishia puani. Na ndizi zake niwekeeni kivulini."

Fisi akaiachia ile miguu haraka. Akataka kukimbia, tumbo likakataa. Wenye kokoto nyeupe wakamshika mkia, wenye nyeusi wakamshika masikio.

"Apumzike!" wakavuta hawa.

"Anywe!" wakavuta wale.

"Mmmmh!" akalia Fisi katikati.

Hapo ikasikika sauti nzito, ya taratibu, kutoka nyuma ya umati.

"Mu... u... li... zeni..."

Wote wakageuka. Alikuwa Bibi Siwatu. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri kuja kupiga kura, na ndiyo kwanza anafika. Akavuta pumzi. Siku zote Fisi angekuwa amekwisha dakia, lakini leo Fisi hakuwa na mdomo wa kudakia, na ndipo wanyama walipogundua kwamba ukimngoja Bibi Siwatu, anafika.

"...Muulizeni... mwenyewe," akamaliza.

Kweli, hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Pimbi akachukua kibuyu chake, akampaka Fisi mafuta midomoni, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mdomo ukaachia, pwaa!

"Niulizeni mimi!" Fisi akapayuka. "Koo ni langu, tumbo ni langu, pua ni yangu! Mbona mnaulizana ninyi kwa ninyi? Jirani anajua nini? Mganga anajua nini? Mwenye kuumwa ni mimi!"

Kisha akasikia alichokisema. Akamtazama Bibi Siwatu, akaitazama ile kamba ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwake mwenyewe, akainamisha macho.

Wanyama walicheka mpaka Twiga akalazimika kukaa kitako, jambo ambalo halijaonekana tena. Alipopata pumzi alifuta lile neno la jirani, akaweka jingine mahali pake: mgonjwa aulizwe mwenyewe, tena asubiriwe amalize kusema, na anayengojea nyama au ndizi asiwepo hapo. Kura zikapigwa. Kokoto nyeupe zikazidi nyeusi kidogo tu, na walioshindwa wakakubali, kwa sababu neno lile jipya hata wao walilipenda.

Kiboko alirudi nyumbani akakonda mpaka mlango ukamzidi. Fisi yeye alimfuata Pimbi nyuma ya jabali, meno nje.

"Pimbi, nitakutafuna."

"Mtani, umekasirika?"

Fisi akakumbuka mbuzi. "Hapana," akasema kwa shida. "Nacheka. Hi hi hi." Na mpaka leo mkimsikia Fisi anacheka porini, sikilizeni vizuri: hakuna furaha mle ndani.

Kesho yake Pimbi hakuanza kutafuna. Alipanda juu ya kichwa cha bibi yake, akakaa karibu na sikio.

"Bibi," akasema, "nimewacheka wenzangu bure. Hata mimi sijawahi kukuuliza, nilikuwa naogopa. Umechoka vipi?"

Akanyamaza. Jua likapanda, umande ukakauka, Pimbi bado anangoja.

"Nimechoka sana, mume wangu," akajibu Bibi mwishowe. "Iko siku... nitakuomba twende kwa Twiga. Lakini leo... nataka fenesi kama lile la Fisi. Kesho niulize tena."

Pimbi akalia na kucheka kwa pamoja. Akaenda kuviringisha jingine, akapaka mafuta mikono na midomo, akamtafunia bibi yake fenesi, tafu tafu tafu. Na tangu siku ile akawa anamuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi anangoja jibu mpaka liishe.

Mnataka kujua siku ya mwisho Bibi Siwatu alijibu nini? Aliyeambiwa ni Pimbi, mimi sikuwepo na ninyi hamkuwepo. Ninyi shikeni hili tu: ukitaka kujua anayeumwa anataka nini, muulize yeye, na ukishamuuliza, nyamaza umsikilize.