Nafasi Moja kwenye Fomu ya Nakunda

Sogeeni karibu, na atakayekuwa na jibu asilifiche.

Huko milima ya Upare, Nakunda alikuwa na ndugu watatu. Nakiete hakuona haya kusema kweli. Eliewaha hakujua kunyima. Na Mbonea, ukimfukuza mlangoni utamkuta dirishani.

Anaeli, binti wa Nakunda, alivunja ungo na damu haikukoma. Mambo hayo hayatangazwi, basi Nakunda akaficha. Siku ya tisa mtoto hakuweza kusimama. Nakunda alikuwa hoi kwa hofu, na bado mlango aliufunga.

Nakiete akausukuma. "Dada, utaitunza aibu umzike mtoto?" Akambeba Anaeli mgongoni hadi hospitali, na kila mwanamume aliyeuliza njiani alimjibu wazi kuwa ni damu ya mwezi. Daktari akasema ni ugonjwa adimu wa ukoo, damu haigandi, na dawa zake ni ghali, hawataziweza. Wangechelewa siku moja tu, wangezika.

Mfuko mmoja wa msaada ungelipia, ila ulitaka vipimo vya hospitali kubwa. Eliewaha akampa jirani mwenye gari zamu zake zote za maji ya ndiva, bwawa lao la kumwagilia. "Vitunguu nitapanda tena," alisema, navyo vinanyauka anaviona. Bila gari lile, vipimo visingepatikana.

Vipimo vikafika, mfuko ukakataa: nafasi zimejaa. Mbonea akakaa kwenye ngazi za ofisi siku sita, chakula chake mihogo.

"Mzee, nenda nyumbani," mlinzi alimwambia.

"Nyumbani nikafanye nini, mwanangu? Nikachimbe kaburi?"

Siku ya saba wakampokea Anaeli.

Leo Anaeli anapata dawa. Sasa mfuko umetoa nafasi nyingine, moja tu, ya mgonjwa wa ukoo huo, na Nakunda, kwa kuwa binti yake ndiye wa kwanza kupokelewa, ndiye atakayejaza jina kwenye fomu kabla ya kesho adhuhuri. Nakiete ana mtoto, Eliewaha anaye, Mbonea anaye. Watoto wote watatu wamepimwa, wote wanao ugonjwa, na daktari anasema hakuna aliye na nafuu kuliko mwenzake.

Ndugu wameketi, hakuna anayeomba. Nakunda angeona afadhali wangegombana. Anashika kalamu, anaiweka chini.

"Andika, dada," Eliewaha anasema. "Hatutakulaumu."

Wote wanajua si kweli.

Je, wewe unayenisikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika mtoto wa nani? Na wale ndugu wawili waliobaki ungewatazamaje?