Sultani Aliyetaka Kuishika Asili ya Biliadi

Hapo zamani, katika mji wa Shungwi, alitawala Sultani Zubeiri, mtu wa moyo mzuri na hasira za karibu. Siku moja nahodha wa Kifaransa alimletea zawadi: meza kubwa iliyovikwa kitambaa cha kijani, mipira ya pembe ya ndovu, na fimbo ndefu za kuisukumia. "Mchezo huu waitwa biliadi," akasema nahodha, kisha akatweka tanga, akaenda zake.

Sultani akaupenda mchezo ule hata chakula kikawa kinapoa. Lakini kila mgeni aliyefika aliuliza, "Maulana, biliadi maana yake nini?" naye hana jibu. Ikawa fedheha. Basi akawakusanya wanazuoni. Wa kwanza akasema neno ni la Kiarabu, biladi, yaani nchi, kwa kuwa mipira husafiri. Wa pili akasema, "La, ni bila idi. Huchezwa siku zisizo za sikukuu." Sultani akawafukuza wote wawili.

Akabaki Maalim Mbaraka, mzee aliyejua lugha nyingi. Akasema, "Maulana, katika Kifaransa cha kale, hilo lilikuwa jina la fimbo yenyewe ya kusukumia mipira. Baadaye mchezo ukarithi jina la fimbo."

"Mchezo wa wafalme upewe jina la fimbo, kama ya mchunga mbuzi?" Sultani akafoka. "Mfungeni! Hatoki gerezani mpaka niletewe asili ya neno hili, niishike kwa mkono wangu!"

Maalim alikuwa na mkwe, Vuai, fukara asiye na kitu ila maskhara. Mkewe Vuai akalia, "Baba ana kifua, sakafu ya gereza itamuua." Basi Vuai akaukunja mkeka wao, akauweka begani, akaenda kwa Sultani. Walinzi wakamcheka, wakamwacha apitie chumba cha mchezo.

Alipofika barazani akainama. "Maulana, asili ya biliadi nimekuja nayo. Imo humu mkekani."

"Ufungue. Na ukinidanganya, utalala ubavuni mwa mkweo."

"Nimeridhia. Lakini naomba kwanza ucheze kidogo, tuone kama biliadi yaweza kwenda bila asili yake."

Sultani hakuhitaji kubembelezwa. Akaiendea meza, waziri wake na Vuai nyuma yake. Akapapasa ukutani, akachungulia chini ya meza, akageuka. "Fimbo zangu ziko wapi?"

"Za nini, Maulana? Meza hiyo, mipira hiyo. Cheza biliadi yako."

"Mpumbavu we! Bila fimbo pana biliadi gani?"

"Bwana Waziri, umesikia?" Vuai akaukunjua mkeka, fimbo zikamwagika sakafuni. Akaokota moja, akampa Sultani kwa mikono miwili. "Asili ya neno hiyo, Maulana. Umeishika."

Waziri akatazama dari. Sultani akaitazama fimbo, akamtazama Vuai, midomo ikaanza kumcheza, ikawa kicheko kikubwa hata akajishikiza mezani. "Mtoeni Maalim!"

Maalim akaletwa akikohoa, ndevu zimemtimka. Sultani akamtaka radhi mbele ya watu, akavua joho lake akamvika. Vuai akapewa ng'ombe wa maziwa, wakarudi nyumbani watatu, mzee, mkwe na ng'ombe, na binti akawapokea kwa vigelegele. Hayo ndiyo yaliyowapata, na aliyenisimulia aliapa kwamba maziwa ya ng'ombe yule aliyanywa.