Kidari cha Mbonea

Hebu fumbeni macho, wanangu, mumwone mwanamume akivuka uwanja wa nyumba yake, mkono mmoja ukutani, mwingine ukihangaika na kifungo cha shati. Mnamwona? Huyo ni Mbonea.

Hapo zamani, wala si zamani sana, Mbonea aliishi milimani Upare na ugonjwa wa misuli aliourithi kwa baba yake. Mwenye ugonjwa huo akishakuwa mtu mzima, miguu hulegea polepole. Basi akijikwaa, watu walisema, "Ni ule wa ukoo." Vidole vikishindwa kifungo, ni ule wa ukoo. Mbonea naye akakubali. Alisikitikia jambo moja tu: harusi ya binti yake Naetwa ilikaribia, naye alikuwa amemwahidi kucheza.

Siku moja akaja Temba, mtani wake Mchaga. Mtani haoni haya. Alimtazama Mbonea akitembea, akacheka mpaka akashika mbavu.

"We Mpare, ubahili umeshuka mpaka miguuni? Zamani ulikuwa unaiburuta kama kandambili. Leo imekakamaa kama fito."

Wote wakacheka, isipokuwa Nakijwa, dada yake Mbonea, ambaye naye alikuwa na ugonjwa uleule. Alishika miguu yake mwenyewe: milegevu. Akashika ya kaka yake: migumu. Wazee wa ukoo wakamwambia asisumbue madaktari kwa jambo linalojulikana. Akawajibu kwamba linalojulikana ni lake. La kaka yake bado. Akakodi gari, akampeleka, ingawa yeye mwenyewe alipanda kwa kusukumwa.

Hospitalini, Daktari Semeni angeweza naye kusema ni ule wa ukoo, wakarudi nyumbani. Badala yake akaagiza picha ya shingo. Picha ikaonyesha ugwe wa mgongo, ile kamba laini inayochukua habari kutoka ubongoni hadi miguuni, umebanwa na mfupa. Kumbe ugonjwa wa pili ulijificha nyuma ya ule wa kwanza! Mbonea akapasuliwa. Ule wa ukoo ulibaki, lakini mbano ukaondoka, na miguu ikaanza kumsikia tena.

Siku ya harusi alichinjwa mbuzi. Katika nyumba ile, kidari, yaani nyama ya kifua, hupewa mtu mmoja aliyewatendea wema mkubwa, wala hakikatwi vipande.

Temba akavuta sinia kwake. "Mimi ndiye niliyeona. Bila mdomo wangu huu mchafu, mngekuwa mnamlisha kwa kijiko."

"Wewe uliona ukacheka, mtani," alisema Nakijwa, akilivuta sinia. "Mimi niliona nikaondoka naye."

Daktari Semeni, mgeni wao, akatabasamu. "Na kama mlipofika kwangu ningesema ni ule wa ukoo?"

Sinia likabaki katikati. Kidari kikapoa.

Haya, wanangu, je, nani alistahili? Jibuni bila haraka. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: Mbonea mwenyewe alipoulizwa, hakulisikia swali. Alikuwa anacheza na Naetwa.