Pimbi na Kesi ya Ukucha wa Chui

Hapo zamani za kale, wakati kila mnyama alikuwa na jiko lake, sufuria yake na jirani wa kumsema, Pimbi alikuwa na kampuni. Ndiyo, Pimbi! Yule mdogo kama birika la chai, asiye na hata mkia wa kufukuzia nzi. Msicheke. Nyinyi mna kampuni?

Kampuni yenyewe ilikuwa ndani ya ufa wa jabali, na kazi yake kulea watoto. Asubuhi mama zao wanawaacha, wanakwenda malishoni. Jioni wanawakuta wameshiba, wameoga, pua zimefutwa. Mlangoni palikuwa na jiwe. Pimbi akilisukuma tu, kriii... di! Hapiti hata upepo.

Siku moja, jua halijafika utosini, mama wote wakarudi mbio. Mbele yao Mama Ngiri, mkia wima kama mlingoti.

"Pimbi! Tupe watoto wetu!"

"Shikamoo kwanza, Mama Ngiri."

"Marahaba, tupe watoto! Kumbe ulishtakiwa!"

"Na ukashindwa!" akadakia Bi Swala. "Mkurugenzi mzima! Ulimvunja Bwana Chui ukucha, naye alikuja kubisha hodi kistaarabu. Leo ukucha, kesho shingo ya mwanangu?"

"Nani kawaambia?"

"Mwenyewe Chui. Tena naye amefungua kituo cha malezi kule kichakani. Hana mambo ya jiwe mlangoni. Watoto wanapata hewa."

Moyo wa Pimbi ukafanya paa! Hewa! Kwa Chui watoto watapata hewa siku moja tu.

Nyuma ya mama hao alimwona Chui mwenyewe ameketi, mpole kama mgeni wa harusi. Mkono mmoja ameufunga kitambaa cheupe, na ukucha wenyewe ulishapona tangu masika.

Pimbi akapiga hesabu upesi. Nikisema ukweli wote, wataniita mwongo. Nani anamsikiliza aliyeshindwa kesi? Lazima aseme Chui, kwa kinywa chake.

"Ni kweli," akasema kwa sauti kubwa. "Nilishtakiwa, nikashindwa. Chui alilia barazani, mimi nikacheka, na hakimu, Mzee Kiboko, akamwamini anayelia. Akaniamuru nimchotee Chui maji msimu mzima. Nikachota usiku, nyinyi mmelala! Mtungi mkubwa kuliko mimi, na sikumwaga hata tone. Nyinyi mngeweza?"

"Acha majivuno, lete watoto," akasema Mama Ngiri.

"Wachukueni, mama zangu. Lakini kwanza nataka nimwombe radhi Bwana Chui mbele yenu. Bwana Chui, hebu tuonyeshe ulivyobisha siku ile, ili nijute vizuri."

Chui alipenda kutazamwa kuliko kula. Akaja kwa madaha, akafungua kitambaa, akagonga jiwe lililokuwa kando ya mlango: pu, pu, pu. "Hodi wenyewe. Hodi hapa."

"Mama Ngiri, unaona kucha?"

Mama Ngiri akainama. "Sioni. Amezificha. Mkono laini kama pamba."

"Sasa ukucha uliofichwa ulivunjikaje?"

Chui akakohoa, khoo! "Siku ile... nilizitoa kidogo. Kulikuwa na baridi."

Pimbi akaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! "Baridi! Jamani, msimsumbue. Alizitoa, lakini nguvu hana! Bonde zima nitaliambia: mkono wa Chui uliishia kizingitini, ukakwama kama mwiko kwenye ugali wa jana."

"Kizingitini?" Manyoya ya Chui yakasimama.

"Kizingitini. Hata mkeka wa watoto hukuufikia, kaka."

"Mimi?" Chui akanguruma, mawe yakatikisika. "Mimi Chui? Nilifika mkekani, nikaupita! Nilikuwa nimeshamshika yule Swala mdogo mguu, mnono, laini, bado kumvuta tu, ndipo wewe mshenzi ukanibana kwa jiwe..."

Mama wote wakamgeukia Chui.

Bi Swala akauliza taratibu, "Ulimshika nani?"

Chui akameza mate. "Nilikuwa... namwamkia."

"Kwa mguu?"

Pimbi hakungoja jibu. Akachupa ndani, kriii... di! Watoto salama nyuma ya jiwe. Nje, Mama Ngiri akainamisha kichwa, meno mbele, akaja kama gogo linaloporomoka mlimani. Puu! Chui akaruka juu, akatua vibaya, akatimua mbio hadi kichakani, na kitambaa chake cheupe kikabaki mlangoni.

Jiwe lilipofunguka, Pimbi akatoka kifua mbele. "Mmeona? Nani kama mimi?"

Bi Swala alikuwa ameshamkumbatia mwanawe. "Mwanangu alishikwa mguu, nawe ukanyamaza?"

"Nilimwokoa, Bi Swala! Nikashtakiwa kwa kumwokoa. Nikaona aibu kusema nimeshindwa."

"Aibu yako nusura imle mwanangu."

Pimbi akakishusha kifua. Akakiokota kile kitambaa, akakitundika juu ya mlango. Tangu siku hiyo, mteja mpya akija, kabla hajaulizwa jina la mtoto, anasimuliwa kesi nzima: kilio cha Chui, kicheko cha Pimbi, hukumu ya Kiboko na mtungi usiomwaga tone. Mtungi wenyewe ulikuwa unazidi kukua kila mwaka, lakini hilo wateja walimsamehe. Watoto waliendelea kuachwa pale, pua zikifutwa.

Ukisikia fulani alishtakiwa, usiulize tu nani alishinda. Uliza ni mkono wa nani ulioingia mlangoni kwa mwenzake.

Nami hadithi yangu nimeifunga kwa jiwe. Mwenye ubavu na aje alisukume!