Galoni Alilosomewa Mzee Andengenye

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, malori yakipanda na kushuka kama yanavyopanda na kushuka leo, palikuwa na mzee mmoja juu kidogo ya Tukuyu, jina lake Andengenye. Mzee huyu alikuwa na lori moja la dizeli, la tani saba. Alikuwa na mwana, Gwakisa, ambaye ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa na mkwe, Subilaga, mke wa Gwakisa. Na alikuwa na binti, Tumpe, ambaye hakuwa na kazi yoyote kwenye lori ila moja tu, na hiyo moja ndiyo iliyoleta balaa. Kaeni vizuri.

Lori lilishuka Kyela na viazi, likapanda na mchele. Likashuka na viazi, likapanda na mchele. Miaka kumi na tisa. Malori ya watu yalinoki, injini zikafa, yakafungwa nyingine, yakanoki tena. La Mzee Andengenye halikuwahi kufunguliwa hata kifuniko. Watu wakasema mzee ana dawa. Wengine walikuja kuiomba hiyo dawa, tena na kuku mkononi. Mzee alipokea kuku, akawaambia, "Dawa ni oili." Wakaondoka wamenuna, wakiamini amewaficha.

Wala hakuwaficha. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa oili aliongea. "Injini ya dizeli inakula masizi kutwa," alisema. "Oili yake lazima iwe na nguvu ya kuyabeba hayo masizi. Isiwe nyepesi ikawa maji kwenye joto la Kyela, isiwe nzito ikagoma kutembea kwenye baridi yetu hii ya asubuhi. Ukiipa oili ya gari ndogo itaipokea kwa adabu, kisha itakufa."

Kwa hiyo aliweka utaratibu. Oili haimwagwi kwenye injini mpaka galoni lisomwe kwa sauti, pale uwanjani, neno kwa neno, namba kwa namba. Kisha mzee anatiwa tone moja kidoleni, analisugua, ananusa. Akisema "Ndiyo yenyewe", inamwagwa. Asiposema, hakuna safari, hata kama viazi ni vya mkuu wa wilaya.

Zamani alisoma mwenyewe. Ikaja presha ya macho. Zikaondoka kwanza herufi ndogo za kwenye galoni, zikafuata kubwa, likafuata galoni lenyewe, mwisho zikaondoka sura za wanawe. Siku alipoona giza tupu hakulia mbele ya watu. Alimwita Tumpe, akamwambia, "Mwanangu, kuanzia leo utakuwa unanisomea. Kaka yako ana haraka, anaruka maneno. Wewe huruki." Tumpe akaitikia. Tangu siku hiyo akawa anamsomea barua, anamsomea majina ya dawa, anamsomea galoni. Mzee hakuwahi kuuliza mtu wa pili. Alichosoma Tumpe, kimesomwa.

Subilaga naye mumweke akilini. Huyu kabla ya kuolewa alisimama miaka sita kwenye duka la spea la mjomba wake kule Kyela. Oili alizijua kwa rangi ya galoni, mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara. Lakini Mzee Andengenye alishika mwiko wa Wanyakyusa wa zamani: mkwe wa kike hasogei alipo baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, wakipishana njiani anaingia porini. Vijana wengi siku hizi wameuacha. Nyumbani kwa mzee haukuachwa. Subilaga alikaa jikoni, mzee alikaa upande wake, na miaka minane hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake hata habari za asubuhi.

Haya. Ikafika siku ya kubadilisha oili. Gwakisa akaingia madukani Tukuyu. Duka la kwanza: ya mzee imeisha. La pili: imeisha. La tatu: imeisha, labda wiki ijayo. Na lori limeshapakiwa, magunia tele, mvua imeanza kumwaga, na nyie mnajua viazi vikilowa kwenye gunia ni nini kinafuata. Muuzaji akamwonyesha oili nyingine, akamwambia bila kumficha, "Kaka, hii ni nyepesi, ya gari ndogo za petroli."

"Oili si oili?" akasema Gwakisa.

"Mimi nimekwambia."

Akaibeba. Alipofika nyumbani akamvuta Tumpe nyuma ya lori, akaongea kwa kunong'ona.

"Tumpe, msomee hili la zamani."

Tumpe akatazama. Mkono mmoja wa kaka yake ulikuwa na galoni jipya, mwingine una galoni tupu la mara iliyopita, lenye matone mawili matatu chini.

"Kaka, una wazimu? Nimdanganye mtu asiyeona?"

"Safari moja tu. Nikirudi nitaimwaga, nitaweka ya kwake. Akijua, lori halitoki, na viazi vya watu vitaozea hapa. Unataka tusemwe mpaka Mwakaleli?"

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Umewahi kumwambia wewe, akakuelewa?"

Tumpe hakuwahi. Mzee akatoka, akaketi kwenye kiti chake uwanjani, akasema, "Nisomeeni." Tumpe akalishika galoni tupu. Akasoma. "Kumi na tano, dabliyu, arobaini. Oili ya injini za dizeli, kwa kazi nzito." Alisoma vizuri kuliko siku zote, hakuruka hata nukta. Kisha akaliinamisha, tone likadondoka kwenye kidole cha baba yake. Mzee akasugua. Akanusa.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Asante, mwanangu." Gwakisa akaimwaga ile nyingine kwenye injini.

Sasa huko jikoni Subilaga alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ubao. Aliona magaloni mawili. Alisikia linalosomwa, akaona linalomwagwa. Kutoka nje hawezi, mzee yuko pale. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga ngwa! ngwa! ngwa!

"Nakuja!" akaitikia Gwakisa, akidhani anaitwa kula. "Mtu akiwa na njaa mnamjua nyie wanawake!"

Akaingia jikoni, akanawa mikono. Subilaga akafungua mdomo. Hapo hapo akakumbuka kwamba wiki iliyopita alipotaka kusema habari ya filta, mume wake huyo huyo alimjibu mbele ya wageni, "Mke wangu, mambo ya lori hayapikwi jikoni." Akaufunga mdomo. Akampakulia ndizi na maharage, akaweka na parachichi. Gwakisa akala, akasifia, akapanda lori, akaenda zake.

Safari ilikuwa moja. Akarudi salama, lori linanguruma kama jana, akaona ah, na ya pili. Akarudi. Ya tatu. Kila alfajiri mzee alitoa kichwa dirishani kusikiliza lori linavyowashwa, na kila alfajiri Tumpe alijiambia, leo namwambia. Kila jioni Subilaga alipakua chakula, akajiambia, akiniuliza namwambia. Hakuulizwa. Safari ya nne. Ya tano.

Ya sita, lori likiwa limejaa mchele, kwenye mlima wa kwanza kutoka Kyela, taa nyekundu ya oili ikawaka. Gwakisa akasema nikifika juu nitaangalia. Injini ikaanza kugonga. Akasema nakaribia juu. Injini ikagonga mara ya mwisho, ikajifunga. Miaka kumi na tisa ikaishia kwenye kona, mbele ya kibanda cha muuza karanga. Fundi wa pale akafungua kizibo cha chini, kikatoka kitu cheusi chembamba, akakitazama, akamtazama na Gwakisa. Hakusema pole. Aliuliza, "Nani alikuchagulia hii?"

Gwakisa akafika nyumbani kesho yake mchana, kwa kuomba lifti. Akaingilia mlango wa nyuma, jikoni, viatu mkononi. Akawaeleza. Tumpe akakaa chini kwenye kuni. Subilaga akaacha kukoroga.

"Mzee?" akauliza Gwakisa.

"Yuko chumbani kwake," akasema Tumpe. "Tangu jana saa kumi anasikiliza barabara. Hajala."

Hapo wakaanza kulaumiana.

"Mimi nilinunua, mimi nilimwaga, nakubali," akasema Gwakisa. "Lakini kosa langu ni la chuma. Chuma kinatengenezwa. Tumpe, wewe ndiye uliyemsomea. Angesikia kweli, angenikataza, na lori lingekuwa zima. Wewe ndiye uende."

"Nilisoma kwa sababu uliniomba!" akasema Tumpe. "Ulisema safari moja! Ungebadilisha uliporudi, leo tusingekuwa hapa. Tena sikuijua oili hata moja, najua kusoma tu. Aliyeijua ni wifi. Wifi aliona kila kitu."

"Niligonga mfuniko," akasema Subilaga.

"Mfuniko!"

"Wifi, mimi baba mkwe simsogelei. Ulitaka nifanye nini?"

"Baba mkwe humsogelei. Na mumeo je? Unalala naye wapi?"

Subilaga akashika mwiko wa ugali, akautazama. "Mume wangu alishaniambia nisiseme," akajibu polepole. "Nikasema haya, acha tuone. Ndiyo, nilitaka aumbuke. Nilitaka lizime njiani apate aibu kidogo. Sikutaka life." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. "Sikutaka life, wifi."

Gwakisa akamtazama mke wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akamgeukia dada yake, sauti imeshuka.

"Kuna njia nyingine. Mwambie limechoka. Lori la miaka kumi na tisa, kwani si umri? Mwambie fundi amesema ni uzee. Mimi nikimwambia ataniuliza mpaka jua lizame. Wewe atakuamini."

Hilo ndilo lililomchoma Tumpe, kwa sababu lilikuwa kweli. Angeamini. Angesema "Asante, mwanangu", angekula chakula chake, angelala. Na akiambiwa ukweli, na yeyote awaye, swali la kwanza la mzee lingekuwa: na ile niliyosomewa? Lori lingepatikana jingine siku moja. Lakini mzee hakuwa na macho mengine. Kesho barua ikija, dawa ikija, atamsikilizaje tena? Tumpe akaona hofu yake si ya kufokewa. Alihofia mzee asimfokee, anyamaze tu, na kuanzia siku hiyo amwite jirani aje kusoma.

"Akidanganywa mara ya pili," akasema Subilaga, "nitaingia mimi."

"Wewe!" akashtuka Gwakisa. "Mkwe? Chumbani kwa baba?"

"Nitaingia, nitamwambia kwa mdomo wangu."

"Utamuua! Lori atalisahau. Hilo hatalisahau."

"Basi ingia wewe. Wewe mkubwa."

"Nikiingia nitasema oili yake haikuwepo madukani. Atauliza, na ile aliyosoma Tumpe? Nitamtaja dada yangu mbele ya baba?"

"Nitaje," akasema Tumpe. Kisha akasema, "Hapana, usinitaje." Kisha akafunika uso.

Upande wa pili wa ukuta kiti kikalia. Ikasikika fimbo ikigonga sakafu mara moja, taratibu, na sauti ya mzee, isiyo na hasira.

"Nawasikia huko. Mko watatu. Lori sijalisikia. Mmoja aje aniambie."

Tumpe akasimama. Gwakisa naye akasimama, angali na viatu mkononi. Subilaga, ambaye miaka minane hakuwahi kuvuka kizingiti kile, akavua kanga ya mapishi, akajifunga nyingine. Mlango wa chumba cha mzee ni mwembamba, unapitisha mtu mmoja.

Sasa nyie mlioketi hapa, mnaopenda sana kuwahukumu watu: mmoja alichagua oili mbaya huku ameambiwa, mmoja alimsomea jina zuri mtu asiyeona, mmoja aliijua na akaacha ulimi ukae. Msiniambie wote. Mzee ameita mmoja, na anasubiri. Je, ni nani aliyestahili kuingia?