Pimbi na Matuta Yasiyopandwa

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Pimbi na mkewe Mashavu walikuwa wakijenga matuta ya mboga uani. Kila masika maji yalituama pale yakaozesha mizizi ya mchicha. Kwa hiyo walipanga mawe pembeni, wakajaza udongo katikati mpaka tuta likainuka.

"Jiwe hilo limelala vibaya, mume wangu," alisema Mashavu. "Ligeuze."

Pimbi akaligeuza. Mashavu akaingia ndani kuinjika maharage.

Hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida. Jioni homa ilimshika, na wiki haikuisha Pimbi akamzika uani, kando ya tuta lile.

Matanga hayajaanuliwa, Kiboko na Nyati wakasimama mlangoni. Hawakusema pole.

"Bwana mdogo," alisema Kiboko, "ua huu ni mkubwa mno kwa mgane. Kesho tutaufanya njia yetu ya mtoni."

"Mke wangu amelala humu."

"Kaburi moja tutalizunguka," alisema Nyati. "Sisi si washenzi."

Pimbi alijua kwamba hakuna mnyama anayethubutu kukanyaga kaburi. Alijua pia upana wa miguu ya Kiboko. Walipoondoka akashika jembe. Akajenga tuta baada ya tuta, kila moja jembamba, urefu wa pimbi aliyelala, toka ukingo wa ua hadi ukingo. Kichwani pa kila tuta akasimamisha jiwe.

Asubuhi wakaja: ndi, ndi, ndi. Kiboko akabaki na mguu hewani.

"Pimbi, hawa ni nani?"

"Homa ilipita nyumba nzima usiku huu, bwana. Huyo ni mjomba. Yule, shangazi. Rudisha mguu, hapo ni mama mkwe, na hata alipokuwa hai hakupenda kusogelewa."

Nyati akanusa udongo mbichi. "Na mkeo ni yupi?"

Pimbi akalionyesha tuta moja kwa mkono. Jibu la swali hilo hakuwa amelitunga. Machozi yakamtoka, nayo hayakuwa sehemu ya hila.

Kiboko akarudisha mguu taratibu. "Twende, Nyati. Hapa pamejaa msiba."

Wakapita mbali, na ua ukabaki wa Pimbi. Lakini kaburini hapapandwi mchicha, na Kiboko alikuwa bado akichungulia kutoka mtoni.

Kesho yake asubuhi Pimbi akachukua ufagio. Alianza kwa mjomba ambaye hakuwahi kuwa naye, akaenda kwa shangazi, kisha kwa mama mkwe. Alipofika kwa Mashavu hakukawia zaidi ya alivyokawia kwa wengine, isije ikajulikana kwamba kaburi la kweli ni hilo moja tu. Akafagia, akainuka, akaenda kwenye tuta lililofuata.

Ujanja huulinda ua, wanangu. Aliyezikwa humo haumrudishi.