Karanga Huliwa, Karatasi Husomwa

Karanga huliwa, karatasi husomwa. Mmeambiwa hivyo dukani leo, nanyi mkaja mbio kuniuliza kama ni tusi. Si tusi, wajukuu zangu. Kaeni, na wewe Rehani acha kutafuna upate kusikia. Methali hii ilianza hivi.

Shule ya Kwemshai ilikuwa na mwalimu mkuu aliyeitwa Sempombe, mtu msafi kupita kiasi. Akiona jani uwanjani, atamtafuta aliyeliangusha. Langoni pa shule alikaa mjane mmoja, Bi Mwanahawa, akiuza karanga za kukaanga katika vikaratasi alivyovisokota mwenyewe. Karatasi alizipata kokote: magazeti ya zamani, madaftari yaliyokwisha, mitihani ya miaka iliyopita. Naye alikuwa na tabia yake: hafungi karanga kabla hajaisoma karatasi, mbele na nyuma. Mteja angoje.

"Subiri kidogo mwanangu, hapa pameanza kunoga," atasema, na karanga zinapoa.

Watoto wakishakula, vikaratasi chini. Ijumaa moja Mwalimu Sempombe akamjia hasira zimempanda.

"Bibi, Jumatatu nisikuone hapa. Takataka zako zimenichosha!"

Bi Mwanahawa alikuwa amefungua mdomo kumwuliza jambo. Akaufunga. "Haya, Mwalimu," akasema.

Kesho yake ilikuwa fainali ya chemsha bongo, Kwemshai na shule ya ng'ambo ya mto. Mshindi angepewa mabati sitini. Jamani, Mwalimu aliyataka mabati yale mpaka usingizi ulimpaa! Darasa la pili lilisomea chini ya turubai lililotoboka, masika yamekaribia, na wazazi walishaanza kuwahamisha watoto wao.

Na maswali ya siku hiyo, acheni tu. Damu ya pweza ina rangi gani? Mtoto wa Kwemshai akapata: buluu. Wa ng'ambo nao wakapata lao. Wakaenda hivyo, sare kwa sare, hadi likabaki swali moja, nalo likawaangukia Kwemshai. Msimamizi akalisoma polepole:

"Ni sayari gani ambayo siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake?"

Watoto wakatazamana. Kanuni ilimruhusu mwalimu amwite mtu mmoja katika watazamaji awajibie. Akikosa, basi, mabati yamevuka mto. Mwalimu akamgeukia mganga wa zahanati, tegemeo lake. Mganga akatazama viatu vyake. Akamgeukia karani mstaafu. Karani akajikuna kisogo. Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja tu, wa Bi Mwanahawa, sinia la karanga mapajani.

Jasho likamtiririka Mwalimu. Mtu aliyemfukuza jana! Lakini angefanyaje? Dakika ilikuwa inakwisha.

"Namwita Bi Mwanahawa," akasema.

"Zuhura," akajibu bibi.

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa ng'ambo akasimama kabisa. "Siku ipite mwaka? Tangu lini mtoto akamzidi mama yake umri?"

"Bibi, unabahatisha?" akauliza msimamizi.

"Sibahatishi, baba. Zuhura ikijizungusha mara moja, kwetu zimepita siku mia mbili arobaini na tatu. Kulizunguka jua, mia mbili ishirini na tano. Toeni wenyewe mwone."

Msimamizi akafunua karatasi yake ya majibu. Akaitazama, akamtazama bibi, akaitazama tena.

"Ni kweli tupu," akasema.

Weee! Vigelegele vilipasuka, sufuria zikapigwa. Mwalimu Sempombe akaketi mavumbini na suruali yake nyeupe, akicheka huku machozi yanamtoka. Alhamdulillahi, darasa la pili lina paa! Alipopata nguvu za kusimama, akamwendea bibi.

"Mambo haya umeyasomea wapi, mama yangu?"

Bi Mwanahawa akachomoa karatasi katika pindo la kanga. "Hii sikuifungia karanga. Wiki tatu naigeuza, siielewi, siku itapitaje mwaka? Jana nilitaka nikuulize, nikakuta umekuja na moto."

Mwalimu akaipokea, akaisoma. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Ulikuwa ukurasa wa daftari lake la chuo cha ualimu, alilolitoa kabatini mwezi uliopita akisafisha ofisi, akalitupa jalalani.

"Nisamehe," akasema. "Nilitupa nilichokijua, nikakufukuza wewe uliyekiokota."

Jumatatu alimkuta Bi Mwanahawa ameshafungasha vitu vyake. Akampokonya kigoda, akakirudisha langoni, akachuchumaa. Akatumia karanga mbili kumwonyesha jinsi Zuhura inavyojizungusha kwa kujivuta huku ikilizunguka jua, mpaka bibi akapiga makofi, "Kumbe!" Na kengele ilikuwa imeshalia.

Mtoto mmoja akapita, akamalizia karanga zake, akakunja karatasi aitupe. Mwalimu akamshika mkono.

"Wewe! Karanga huliwa, karatasi husomwa."